Kuweka nyuki shambani wakati wa maua: mwongozo kwa wakulima wa Arusha na Moshi

Mkulima wa tikiti kule Kahe anaweza kuwa na mizinga sita pembeni mwa shamba na bado akavuna matikiti yaliyopinda, mengine yamevimba upande mmoja tu. Mzinga hauchavushi. Anayechavusha ni nyuki aliyetua juu ya ua, asubuhi ile ile ambayo ua liko tayari kupokea chavua. Ndiyo maana mwongozo huu hauhesabu mizinga tu, unahesabu nyuki juu ya maua, na hatua zote zilizomo ni za kuhakikisha hesabu hiyo inatosha siku inapohitajika.

Hatua ya 1: Jua kama zao lako linamhitaji nyuki

Tikiti, boga, mung'unya na matango ya shambani hutoa maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mche mmoja. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Bila mdudu hakuna tunda. Angalizo moja: yapo matango chotara ya kitalu nyumba yanayozaa bila kuchavushwa. Hayo usiyapelekee nyuki, kwa sababu yakichavushwa yanafanya mbegu, yanavimba ncha moja na kushuka daraja sokoni.

Parachichi linamhitaji nyuki sana, nalo lina mambo yake, tutalirudia. Alizeti za Monduli na Karatu, hata zile chotara zenye uwezo wa kujichavusha, hujaza punje vizuri zaidi nyuki wakiwepo. Kichwa cha alizeti chenye mapengo katikati kinaweza kuwa kimekosa maji, lakini mara nyingi kimekosa nyuki.

Wazalishaji wa mbegu za kitunguu, karoti na kabichi hawana njia nyingine, ila wao wana hatari ya upande wa pili: nyuki huyo huyo anayewajazia mbegu anaweza kuwaletea chavua ya aina nyingine kutoka kwa jirani. Usiweke mizinga kabla hujazunguka kilomita moja pande zote na kuhakikisha hakuna anayeotesha aina tofauti ya zao hilo ikiwa kwenye maua.

Kahawa aina ya arabika hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, na maua yake hudumu siku mbili tatu tu baada ya mvua kuyafungua. Utafiti uliofanyika kwenye mashamba ya kahawa mlimani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba wadudu wachavushaji waliongeza uzito wa matunda kwa takriban asilimia 7. Ni faida nzuri ukiwa na nyuki tayari, lakini si sababu ya kukodi lori la mizinga.

Mazao mengine usipoteze fedha. Maharage hujichavusha kabla ua halijafunguka. Mahindi huchavushwa na upepo. Nyuki unaowaona kwenye mbelewele wanajichukulia chavua tu. Ua la nyanya limefungia chavua ndani ya kimrija, linataka kutikiswa, na nyuki wa asali hajui kutikisa. Pasheni ina ua kubwa mno, nyuki wa asali hupita chini bila kugusa panapotakiwa. Kazi ile ni ya wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Waachie magogo makavu pembezoni mwa shamba, inatosha.

Hatua ya 2: Anza wiki sita kabla ya maua

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anaona tikiti limeanza kutambaa, anakimbia kununua mizinga mitupu, anaipaka nta na kuitundika. Kundi likiingia, ni dogo. Wiki za kwanza litakuwa likijenga masega, na maua yatakwisha kabla halijapata nguvu ya kutoka kwa wingi.

Hesabu ni rahisi. Yai la nyuki kibarua huchukua takriban siku 20 mpaka kutoka mdudu kamili. Baada ya hapo hufanya kazi za ndani kwa wiki mbili mpaka tatu: kulisha majana (watoto wa nyuki), kujenga, kulinda mlango. Ndipo anaanza kwenda nje. Kwa hiyo nyuki utakayemhitaji shambani tarehe 1 Septemba ametoka kwenye yai lililotagwa baada ya tarehe 20 Julai hivi. Julai huku kwetu ni baridi na mawingu, maua ni machache, na malkia hupunguza kutaga. Ukitaka kundi kubwa Septemba lazima ulisaidie.

Msaada wenyewe ni maji ya sukari: kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji, yayeyushwe bila kuchemshwa na sukari ndani yake. Mpe kila kundi nusu lita jioni, mara mbili kwa wiki, kwenye chombo kilichomo ndani ya mzinga chenye vijiti vya kuelea ili wasizame. Usimwage hata tone nje. Tone moja juu ya mfuniko huita nyuki wa mizinga mingine, uporaji unaanza, na ugomvi huo ukishaanza mchana hakuna atakayeweza kupita karibu. Asali ya wakati huo si ya kuuza, ina sukari yako.

Kundi linalofaa kwa kazi hii tunalitambua kwa kufungua, si kwa kutazama mlangoni. Kwenye mzinga wa fremu, fremu nane au zaidi ziwe zimefunikwa na nyuki pande zote mbili, na nne kati yake ziwe na majana. Kwenye mzinga wa viunzi vya juu, masega kumi yaliyojaa nyuki ni kiwango cha chini. Majana yana umuhimu wa pekee: ndiyo yanayokula chavua. Kundi lisilo na majana litaleta mbochi, yaani ule utamu wa maua, na kuiacha chavua. Sasa wewe unachotaka ni chavua ihame.

Mzinga wa gogo haukaguliki na haubebeki vizuri. Una nafasi yake kijijini, lakini kwa kazi hii uache ulipo.

Hatua ya 3: Idadi ya mizinga

Viwango vya kuanzia kwa ekari moja, vikiwa ni vya makundi yenye nguvu tuliyoieleza:

- Tikiti, matango na maboga: mizinga 2
- Alizeti: 1 hadi 2
- Parachichi: 2 hadi 4, kutegemea ukubwa wa miti
- Mbegu za kitunguu na karoti: 3 au zaidi, kwa sababu nyuki hawayapendi sana maua hayo

Hizi ni namba za kuanzia tu. Shamba la Mbuguni lililozungukwa na migunga yenye maua litahitaji zaidi, kwani nusu ya nyuki wako watakwenda kwenye migunga. Shamba lenye pori la asili karibu, lisilopuliziwa dawa, linaweza kuhitaji pungufu. Hatua ya 6 ndiyo itakayokuambia uongeze au uache.

Hatua ya 4: Andaa mahali

Nyuki wetu wa Afrika ni wakali na wepesi wa kuhama, kwa hiyo mahali pa mzinga panaamua mambo mawili: usalama wa watu, na kama kundi litabaki.

Weka manzuki, yaani mahali pa mizinga, angalau mita 200 kutoka kwenye nyumba, shule, njia ya watu na mahali pa kunyweshea mifugo. Kinachowachokoza zaidi ni mtikisiko na harufu: pampu ya petroli ya kuvutia maji, pawatila, mashine ya kukatia majani. Pampu isiwe upande ule ule wa mizinga. Ng'ombe au punda aliyefungwa kamba karibu na mizinga hawezi kukimbia, na nyuki wakimvaa hufa. Kama wafugaji huingiza mifugo kula mabaki baada ya mavuno kwenye shamba la pembeni, wape taarifa mapema, na wewe mwenyewe uende ukawaonyeshe mizinga ilipo.

Tundika kila mzinga kwa waya kwenye nguzo mbili, mita 1 hadi 1.2 kutoka ardhini ili uweze kuukagua bila ngazi. Palipo na nyegere pandisha mpaka mita 1.5 na uache mzinga uning'inie kwa uhuru, akose pa kuegemea. Paka grisi kwenye waya, si kwenye nguzo pekee, na uirudie kila wiki mbili kwa sababu vumbi la tambarare ya Moshi huigandisha na siafu wakapita juu yake. Fyeka majani chini. Jani moja refu linalogusa mzinga ni daraja.

Kivuli cha saa za mchana ni lazima huku chini. Sega likipata joto kupita kiasi hulegea na kukatika, na kundi huondoka. Asubuhi lakini mlango upate jua, watoke mapema. Elekeza milango mbali na upepo na mbali na njia ya wapaliliaji.

Maji yawe umbali usiozidi mita 100 au 150. Beseni pana lenye mawe yanayochomoza juu ya maji linatosha, ila lijazwe siku moja kabla mizinga haijafika na lisikauke hata siku moja. Nyuki akishazoea bomba la jirani, kumrudisha ni kazi. Wenye mfongo (mfereji wa asili) unaopita shambani wamepona hapa, isipokuwa kama kuna mtu anaoshea bomba la dawa juu yao.

Kugawanya mizinga kwenye makundi ya minne hadi sita pande tofauti za shamba ni bora kuliko kuirundika kona moja. Nyuki hufika kilomita mbili au tatu, lakini asubuhi ya baridi au ya upepo hubaki karibu na nyumbani, na sehemu ya shamba iliyo mbali hukosa.

Hatua ya 5: Ingiza mizinga siku sahihi

Usiwalete mapema. Nyuki wakifika kabla ya maua watatafuta chochote kilichochanua, iwe mikaratusi, migrevilea au magugu, na wakishazoea njia hiyo hawaiachi haraka. Ukichelewa nako, maua ya kwanza yanayotoa matunda makubwa yatakuwa yamepukutika.

Tikiti hutanguliza maua dume kwa siku kadhaa. Hayo usiyahesabu. Subiri uone maua jike ya kwanza, yale yenye kitunda kidogo chini ya petali, ndipo ulete mizinga. Alizeti, kichwa kimoja kati ya kumi kikiwa kimefunguka pete ya nje. Parachichi, sehemu ya kumi ya maua ikiwa wazi.

Kuhama ni usiku. Kabla ya hapo vuna asali iliyofungwa, maana sega zito hukatika njiani. Kazi hiyo ifanye siku nne au tano kabla ili wapate muda wa kutulia. Jioni ya safari, giza likiingia na nyuki wote wakiwa ndani, toa moshi kidogo mlangoni na uzibe kwa wavu laini wa chuma, usizibe kwa matambara. Wanahitaji hewa. Funga mfuniko kwa kamba au mpira wa tairi, mikunjo miwili.

Kwenye gari, mzinga wa viunzi ulale kukingama bodi, yaani urefu wake utoke upande wa kushoto kwenda kulia, ili viunzi vielekee mbele na nyuma. Gari likifunga breki sega halipigwi ubavu. Mzinga wa fremu ni kinyume, urefu wake uelekee mbele. Usichanganye mizinga na watu nyuma ya gari. Dereva abaki na injini ikiwaka wakati wa kushusha, taa zimezimwa, kwa sababu nyuki waliotoka usiku hufuata mwanga.

Umbali una kanuni yake: sogeza mzinga chini ya mita moja, au zaidi ya kilomita tano. Ukiuhamisha kilomita moja tu, nyuki wa nje watarudi walipokuwa na kuzunguka hewani bila nyumba. Anayetoka Mabogini kwenda shamba la pili hapo hapo Mabogini, aupeleke mzinga kwanza mbali kwa wiki mbili au tatu, kisha aurudishe.

Ukishatundika, subiri nusu saa ndipo ufungue mlango, uko ndani ya vazi la kinga, na uondoke. Asubuhi inayofuata wataruka duara mbele ya mzinga wakijifunza mahali. Siku hiyo watu wasipalilie karibu.

Hatua ya 6: Hesabu nyuki juu ya maua

Siku ya tatu baada ya kuweka mizinga, ingia shambani kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, kukiwa na jua na upepo mdogo. Ua la tikiti hufunguka muda mfupi baada ya jua kuchomoza na kujifunga mchana, na halifunguki tena. Nafasi ni hiyo moja. Tembea polepole katikati ya matuta, hesabu maua 100 yaliyo wazi na nyuki uliowakuta juu yake. Rudia sehemu nne za shamba, moja ikiwa mbali kabisa na mizinga. Nyuki mmoja kwa maua 100 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika. Ua jike linahitaji kutembelewa mara nane au zaidi ili chavua isambae kwenye vipande vyote vitatu vya kichwa chake. Likitembelewa mara mbili tu, upande mmoja hukua na mwingine hudumaa. Ndilo lile tikiti lililopinda.

Kwenye parachichi simama mbele ya mti mmoja wa wastani, uuzunguke kwa dakika moja. Ukiona chini ya nyuki watano, hawatoshi.

Hesabu ikiwa ndogo, tafuta sababu kabla ya kuongeza mizinga. Tazama mlangoni: nyuki wakirudi na vidonge vya chavua miguuni lakini shambani hawaonekani, wanakwenda kwenye maua ya mtu mwingine. Linganisha rangi ya vidonge na chavua ya zao lako, utajua mara moja. Dawa ya hali hiyo ni kufyeka magugu yenye maua, kuwapa maji ya sukari ndani ya mzinga jioni (wakipata sukari nyumbani, wengi zaidi huelekezwa kwenye chavua), au kubadilisha nusu ya mizinga kwa mingine kutoka mbali isiyozoea mazingira. Wasipotoka kabisa, shida ni baridi, mvua, kundi dhaifu au malkia aliyekufa.

Kuna jaribio dogo linaloondoa ubishi. Chagua maua jike 20 yaliyofunguka asubuhi hiyo. Chuma ua dume la leo, vua petali zake, gusisha chavua kwenye vipande vyote vya kichwa cha ua jike. Funga uzi mwekundu. Maua mengine 20 yaache kwa nyuki, funga uzi mweupe. Baada ya siku saba hesabu yaliyoshika. Kama uzi mwekundu umeshika sana kuliko mweupe, shamba lako lina upungufu wa nyuki. Kama yote yamepukutika sawasawa, acha kulaumu nyuki, angalia maji, mbolea na joto. Na tikiti lenye kitako cheusi kilichooza si tatizo la uchavushaji hata kidogo. Hapo ni kalsiamu na umwagiliaji usio na mpangilio.

Wanaomwagilia kwa mvua bandia (mabomba yanayonyunyiza maji juu ya mimea) wafanye hivyo alasiri. Maji ya asubuhi hulowesha chavua na kuwafukuza nyuki. Matone na mifereji havina shida hiyo.

Parachichi: saa mbili tofauti kwenye ua moja

Kila ua la parachichi hufunguka mara mbili, siku mbili mfululizo: kwanza likiwa jike, kisha likiwa dume. Parachichi liitwalo Hass ni aina A. Linafunguka jike asubuhi, linajifunga mchana, kesho yake alasiri linafunguka dume na kutoa chavua. Jingine, Fuerte, ni aina B: jike alasiri, kesho yake asubuhi ni dume. Basi asubuhi Fuerte anatoa chavua na Hass yuko tayari kuipokea. Alasiri wanabadilishana.

Ndiyo maana shamba la Hass tupu lenye nyuki wengi linaweza kushika vibaya, hasa miaka yenye joto zuri ambapo maua yanafuata ratiba yake bila kuingiliana. Kukiwa na ubaridi ratiba huvurugika, maua dume na jike hukutana kwenye mti mmoja, na Hass hujisaidia. Lakini usitegemee hali ya hewa. Weka mti mmoja wa aina B kwa kila minane au tisa ya Hass, au pandikiza tawi la Fuerte kwenye baadhi ya miti iliyokwisha kukua. Miti ya kienyeji iliyotapakaa vihambani (mashamba ya nyumbani ya Wachagga), ambayo watu wanaikata wakidhani haina kazi, ni mchanganyiko wa A na B na husaidia kwa chavua. Kabla ya kuikata, angalia saa maua yake yanapofunguka.

Usishtuke kuona maua mengi yakidondoka. Chini ya ua moja katika mia huishia kuwa tunda hata kwenye shamba zuri. Na parachichi halivutii sana nyuki. Machungwa au mikaratusi ikichanua jirani, watakuacha. Huku juu Machame, Siha na Rombo, asubuhi zenye ukungu nyuki hawatoki mpaka joto lipite nyuzi 13 hivi, na kwa Hass saa hizo za asubuhi ndizo zenyewe. Hapo mizinga iwe ndani kabisa ya shamba, mahali jua linapofika kwanza, na idadi iwe ile ya juu.

Hatua ya 7: Dawa

Mizinga mingi haiharibiwi na nyegere wala siafu. Inaharibiwa na bomba la mgongoni.

Soma kiambato kwenye lebo, si jina la biashara. Imidacloprid na thiamethoxam huingia ndani ya mmea na kutokea kwenye mbochi na chavua. Kupulizia jioni hakusaidii kwa dawa za namna hiyo, na kuzimwagia shinani hakubadilishi kitu. Usizitumie tangu mche unapoanza kutoa vichipukizi vya maua. Chlorpyrifos, profenofos, dimethoate na lambda-cyhalothrin huua kwa kugusa, na baadhi hubaki na sumu juu ya jani kwa zaidi ya siku moja. Abamectin ni kali ikiwa mbichi, ikikauka hupungua. Dawa za unga ni mbaya kuliko za maji, kwa sababu chembe zake hunasa kwenye manyoya ya nyuki pamoja na chavua, naye huzipeleka mpaka kwa majana.

Kosa lingine ni kuchanganya. Dawa ya ukungu kama propiconazole au tebuconazole peke yake haiui nyuki wengi, lakini ukiitia kwenye bomba moja na lambda-cyhalothrin, sumu kwa nyuki huongezeka kuliko ya kila moja peke yake. Mafundi wa kupuliza hupenda kumaliza kazi kwa mara moja. Wakatalie.

Ikibidi kupulizia, fanya baada ya saa 12 jioni. Kwa tikiti muda huo una faida ya ziada: maua ya leo yameshajifunga na ya kesho hayajafunguka, dawa haiingii ndani ya ua. Fyeka kwanza magugu yenye maua chini ya mimea. Kwa viwavi tumia dawa za bakteria aina ya Bacillus thuringiensis, haziwadhuru nyuki. Kwa inzi wa matunda tegemea mitego. Kufungia nyuki ndani mchana kutwa ili upulizie ni kuwaua kwa njia nyingine, hasa kwa joto la Kahe. Kama dawa kali haikwepeki, ondoa mizinga.

Dalili za sumu ni rundo la maiti mlangoni, nyuki wanaotambaa wakitetemeka, ulimi nje. Wakati mwingine huoni maiti, unaona tu kundi limepungua ghafla kwa sababu wamefia shambani. Kusanya waliokufa siku hiyo kwenye karatasi safi, weka friza, andika tarehe na dawa zilizopulizwa jirani, na utoe taarifa kwa afisa kilimo au ofisi za TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) hapo Ngaramtoni.

Kihambani, ambako mita 200 hazipo

Kibosho au Marangu nyumba zinafuatana, hakuna mahali pa kutundika mizinga ya nyuki wakali bila kuhatarisha watoto. Tumia nyuki wadogo wasiouma. Makundi yao hukaa kwenye kisanduku kidogo, hata chini ya ukingo wa paa, na mtu akiwasumbua watamng'ata nywele tu. Wanafanya kazi vizuri kwenye parachichi, kahawa na hata ndani ya kitalu nyumba, ila hawaendi mbali: hesabu mita mia chache. Weka visanduku katikati ya miti yenyewe. Asali yao ni kidogo na ghali. Ununue kundi kwa mfugaji anayegawanya makundi, usikate mti kuwatoa.

Ukikodi mizinga

Andikeni, hata kama mnafahamiana. Idadi ya mizinga, nguvu ya kundi (masega mangapi yenye nyuki, na mkulima awepo mizinga miwili mitatu ikifunguliwa jioni), tarehe ya kuingia na kutoka, nani analinda, nani anajaza maji, asali ni ya nani. Kifungu kisichokosekana: mkulima asipulizie chochote bila kumtaarifu mfugaji saa 48 kabla, na akivunja atalipa kundi zima. Muwataarifu pia majirani na serikali ya kijiji.

Vibarua waambiwe kwamba nyuki aliye juu ya ua hana ugomvi na mtu. Hatari iko kwenye mzinga. Wakivamiwa wakimbie moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba au gari, wasipige mikono hewani. Mwiba uondolewe kwa kukwangua na ukucha. Anayevimba uso au kukosa pumzi apelekwe hospitali hapo hapo.

Hatua ya 8: Kuondoa

Tikiti likishashika matunda mawili au matatu kwa mche, kazi imekwisha, na huo ndio wakati dawa nyingi huanza kutumika. Ondoa mizinga usiku kabla ya mpulizo wa kwanza. Alizeti hukaa na nyuki wiki mbili hadi tatu. Parachichi, mpaka robo tatu ya maua yawe yamekwisha.

Kagua kila kundi baada ya wiki moja huko yalikohamia. Lililopungua lisaidiwe kwa sukari kabla ya masika. Asali ya alizeti huganda upesi, mara nyingine ikiwa bado ndani ya sega, kwa hiyo ivune ndani ya wiki mbili na uichuje ingali na joto la mchana. Acha masega mawili yaliyojaa kwa ajili yao.